Milango ya Kungfu: Tarehe ya Majina na Nasaba

Karibu mwaka 1560 jemadari Qi Jiguang, aliyepigana na maharamia kwenye pwani za Zhejiang na Fujian, aliandika kitabu cha kufundishia askari kiitwacho Jixiao Xinshu. Katika sura ya mapigano ya mikono mitupu alitaja mitindo iliyosifika zama zake: ngumi ndefu ya mikao 32 ya Mfalme Taizu wa enzi ya Song, ngumi ya tumbili, mateke ya Li Bantian wa Shandong, mikamato ya Wang aliyeitwa Kucha za Tai, fimbo ya hekalu la Shaolin, mkuki wa ukoo wa Yang. Takriban kila njia ambayo Wachina walikuja kuitumia kuipa mitindo majina imo tayari humo: mtu mashuhuri, mnyama, ukoo, jimbo, hekalu, hata idadi ya mikao. Tangu wakati huo pia jina halikuwa ushahidi wa asili. Taizu alitawala kuanzia 960 hadi 976, karne sita kabla ya Qi, na jina lake liliupa mtindo heshima zaidi kuliko lilivyoeleza nani aliuanzisha.

Majina ya wanyama ndiyo yaliyovuma zaidi nje ya China. Joka, simbamarara, chui, nyoka na korongo ndio watano wanaohusishwa na Shaolin, na Fujian ina Korongo Mweupe wa Yongchun. Msemo wa Kichina unaoweka ngumi kusini na mateke kaskazini nao unafaa kama dira tu, maana Baji, mtindo wa Hebei ulio kaskazini kabisa, hupigana kwa karibu kwa viwiko na mabega.

Mgawanyo uliozua ubishi mkubwa zaidi ulianzia kaburini. Mwaka 1669 mwanazuoni Huang Zongxi alitunga maandishi ya kaburi la mpiganaji Wang Zhengnan, akiitenga mitindo ya ndani, aliyoihusisha na Zhang Sanfeng wa mlima Wudang, na mitindo ya nje ya Shaolin. Huang alikuwa ameipinga dola ya kigeni ya Qing iliyotwaa Beijing mwaka 1644, na wapo wanahistoria wanaoyasoma maneno hayo kama siasa: cha ndani ni cha Wachina wenyewe, cha nje ni cha wageni. Karne mbili na nusu baadaye mwalimu Sun Lutang, katika vitabu alivyotoa kuanzia 1915, aliiweka mitindo ya xingyi, bagua na taiji pamoja kama jamaa moja ya ndani. Taasisi Kuu ya sanaa za mapigano ilipofunguliwa Nanjing mwaka 1928, iligawa walimu wake katika idara mbili, Shaolin na Wudang. Ushindani kati ya pande hizo ukawa mkali mno, na mgawanyo ukafutwa upesi.

Kilichodumu ni nasaba. Shule ya kungfu huitwa kwa Kichina men, yaani mlango, na mtu wa ufuo wa Karungu nchini Kenya hahitaji kufafanuliwa hilo, kwa kuwa Wajaluo nao huuita ukoo dhoot, mlango wa nyumba, na Waswahili wa pwani huhesabu milango ya kabila. Majina Karungu, Kadem na Kanyamkago, katika Kaunti ya Migori, hubeba ka- ya Kijaluo, yenye maana ya kwao fulani, ikifuatwa na jina la mhenga. Ukoo ukikua hugawanyika kwa wana na kwa nyumba za wake, na kila tawi hupata jina lake bila kuukana mzizi.

Taiji ilikua hivyo hivyo. Shina lake ni kijiji cha Chenjiagou, Henan, ambako ukoo wa Chen humtaja Chen Wangting wa karne ya 17 kuwa mwanzilishi. Yang Luchan, aliyezaliwa mwaka 1799 na kufariki mwaka 1872, alijifunza huko kwa Chen Changxing, akaenda kufundisha Beijing, na kutoka mikononi mwake ukatokea mtindo wa Yang. Baadaye wakaja Wu Yuxiang, Wu Jianquan na Sun Lutang. Wu hao wawili huandikwa kwa herufi tofauti za Kichina, ila herufi za Kilatini huwafanya kuwa mmoja. Ndiyo maana tawi la kwanza mara nyingi huitwa la Hao, kwa jina la Hao Weizhen aliyelieneza. Kusini, Chan Heung alipoanzisha mtindo wake mwaka 1836, hakuupa jina lake mwenyewe. Aliuita Choy Li Fut, akiwaheshimu walimu wake Choy na Li pamoja na Buddha, na hakuna jina la mtindo lenye adabu kuliko hilo.

Jina moja laweza pia kuficha damu mbili. Vunjajungu wa Shandong, ambaye hadithi humtaja Wang Lang kuwa mwanzilishi wake na ambaye ana matawi kama Nyota Saba, hana undugu na Vunjajungu wa Kusini wa Wahakka. Kinyume chake kipo Kaksingri, Homa Bay: Wasuba wa huko wengi husema Kijaluo leo, na nasaba yao ni ya Kibantu. Katika hali zote mbili, anayetazama sura ya nje pekee atakosea.

Kati ya 1983 na 1986 serikali ya China ilifanya uchunguzi nchi nzima na kutambua mitindo 129 yenye asili na mpangilio unaoeleweka. Michezo ya mashindano ilichukua njia fupi zaidi, ikakusanya mitindo mingi chini ya ngumi ndefu, ngumi ya kusini na taiji. Ni mpango unaomsaidia mwamuzi anayetoa alama, lakini humo jina la mwalimu halina mahali.

Afrika Mashariki ilipokea majina haya kupitia filamu. Enter the Dragon ya 1973 na filamu za Hong Kong zilizofuata zilifika kwenye vibanda vya video, na wasimulizi kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya wakazifanya zieleweke kwa Kiswahili. Filamu hutaka mnyama na hekalu, hivyo nasaba ikabaki nyuma. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza barani Afrika, ilifunguliwa mwaka 2005, na lugha ya kuyasomea majina haya kwa asili yake sasa inafundishwa nchini Kenya. Kijana anayetafuta mahali pa kujifunza asiridhike na bango lenye picha ya joka. Amuulize mwalimu alifundishwa na nani, na huyo naye alifundishwa na nani.