Upasuaji wa macho kwa leza: Mambo ya kupima kabla ya kuamua

KATIKA soko la Wamunyu, Kaunti ya Machakos, mchongaji wa vinyago huipima kazi kwa macho kabla ya kuigusa kwa tezo. Upana wa sikio la ndovu, mstari wa shingo ya twiga na unyofu wa mpini wa kijiko cha mpingo, vyote huamuliwa kwa jicho. Jicho likianza kufifia, riziki nayo hutikisika.

Ndiyo maana swali la iwapo mtu afanyiwe upasuaji wa macho kwa leza, ambalo mijini huulizwa zaidi na vijana waliochoshwa na miwani, lina uzito wa aina yake katika eneo hili lililo kando ya barabara ya Machakos kuelekea Kitui. Anayeishi kwa kazi ya mikono hatafuti urembo wa uso usio na miwani. Anataka kujua kama ataendelea kuchonga.

Jibu linategemea mambo matatu: hali ya jicho lenyewe, umri wa mhusika, na umbali ulio kati ya jicho lake na kazi inayomlisha. Jambo hili la tatu ndilo husahaulika mara nyingi, ilhali ndilo linaloweza kumfanya mtu ajutie upasuaji uliofanikiwa.

Kazi inayotegemea jicho

Uchongaji wa Wamunyu umedumu kwa zaidi ya karne moja. Historia yake huhusishwa na Mutisya Munge, mwenyeji wa eneo hilo aliyehudumu wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, akajifunza ufundi huo kwa wachongaji aliowakuta Tanganyika na kurejea nao nyumbani. Kutoka kwake ujuzi ulienea kwa jamaa na majirani, kisha Wakamba wakaupeleka Nairobi, Mombasa na kwingineko.

Vifaa vya kazi havijabadilika sana: tezo, patasi, kisu, tupa na msasa. Kipande cha mti hushikwa kwa mkono au kwa miguu, na sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa huwa sentimita 30 hadi 40 kutoka usoni. Vibanzi huruka, vumbi la msasa huelea, na kazi hufanyika siku nzima. Mambo haya yote yana nafasi yake katika uamuzi wa upasuaji.

Leza hufanya nini?

Mwangaza huingia machoni kupitia konea, utando mgumu na angavu ulio mbele ya jicho. Konea hubeba takriban theluthi mbili ya kazi ya kuupinda mwangaza ili picha iangukie kwenye retina, nyuma ya jicho. Lenzi iliyo nyuma ya mboni humalizia sehemu iliyobaki.

Jicho likiwa refu kupita kiasi au konea ikiwa na mpindo mkali, mtu huona karibu lakini vitu vya mbali huwa ukungu. Jicho likiwa fupi, kuona karibu huwa kugumu, na huenda hata mbali pakasumbua. Konea isipokuwa na mviringo sawa pande zote, mistari huonekana imepinda au imerudufika. Hali hii ya tatu huitwa astigmatizimu.

Leza inayotumiwa katika upasuaji huu hung'oa tabaka jembamba mno la konea na kuipa umbo jipya. Mnamo 1981, watafiti wa kampuni ya IBM katika jimbo la New York, Marekani, Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum, waligundua kuwa leza ya aina hiyo inaweza kukata tishu bila kuunguza sehemu za kandokando. Mnamo 1983 daktari Stephen Trokel alionyesha jinsi inavyoweza kutumiwa kwenye konea, na mnamo 1988 Marguerite McDonald akaitumia kurekebisha jicho la binadamu linaloona. Marekani iliidhinisha leza hiyo kwa umma mnamo 1995.

Leo kuna njia kuu tatu. Katika PRK, ngozi laini ya juu ya konea huondolewa, leza hufanya kazi yake, na ngozi hiyo huota upya. Katika LASIK, kifuniko chembamba hukatwa kwenye konea na kuinuliwa, leza hupunguza tabaka lililo chini, kisha kifuniko hurudishwa. Katika SMILE, kipande chembamba hukatwa ndani ya konea na kutolewa kupitia mwanya mdogo.

Kinachowezekana na kisichowezekana

Konea ya kawaida ina unene wa takriban mikromita 540, yaani nusu milimita na ushei. Kila diopta moja ya kasoro huhitaji kuondolewa kwa takriban mikromita 12 hadi 15. Madaktari hutaka zisalie angalau mikromita 250 chini ya kifuniko cha LASIK ili konea isilegee.

Hesabu yake ni rahisi. Mwenye konea ya mikromita 540 na kasoro ya diopta 4 atatumia mikromita 110 hivi kwa kifuniko na zisizozidi 60 kwa leza. Atabaki na 370 au zaidi, akiba ya kutosha. Lakini mwenye konea ya mikromita 480 na kasoro ya diopta 8 anaweza kujikuta amefika mpakani. Kwake yeye, daktari mwaminifu atasema hapana.

Wako wengine wasiofaa kufanyiwa upasuaji huu, au wanaopaswa kusubiri: walio chini ya miaka 18, ambao vipimo vyao vya miwani vimebadilika katika mwaka mmoja uliopita, wajawazito na wanaonyonyesha, wenye ukavu mkali wa macho, na wenye maradhi yanayodhoofisha kupona kwa vidonda, hasa kisukari kisichodhibitiwa.

Hatari kubwa zaidi ni keratokonasi, ugonjwa unaoifanya konea iwe nyembamba na kuchongoka kama pia. Kupikicha macho mara kwa mara kwa sababu ya mwasho wa mzio huhusishwa na ugonjwa huo, na mwasho wa aina hiyo ni tatizo la kawaida katika maeneo makavu yenye vumbi. Kupunguza konea iliyo na keratokonasi ni kuubomoa ukuta ambao tayari una nyufa. Kwa hiyo kipimo cha ramani ya konea hakiwezi kurukwa kwa kisingizio cha kuokoa muda au pesa.

Mtego wa umri wa miaka 40

Kijana wa miaka 20 anaweza kuikaza lenzi ya jicho lake aone kitu kilicho mbali na kilicho karibu bila kufikiri. Kadiri miaka inavyosonga, lenzi hukakamaa. Ifikapo miaka 40 na kidogo, mtu huanza kulisogeza gazeti mbali ili asome, na mchongaji huanza kuinyoosha mikono anapotia alama za manyoya.

Tatizo hili haliko kwenye konea. Liko kwenye lenzi, na LASIK ya kawaida hailigusi. Anayetarajia kwamba leza itamrejeshea uoni wa karibu wa ujana wake anatarajia kisichokuwepo.

Kuna mtego mwingine ndani ya huo. Chukua mfano wa mchongaji wa miaka 46 ambaye tangu utotoni haoni mbali, na miwani yake ni ya diopta 2.5. Jicho la namna hiyo, bila miwani, huona sawasawa kitu kilicho sentimita 40 mbele yake, yaani pale pale kazi yake ilipo. Huvaa miwani kumtambua mtu aliye barabarani, na huivua anapoinama kuchonga. Akirekebishwa kwa leza aone mbali kikamilifu, ataitambua matatu ikiwa bado iko mbali, lakini atahitaji miwani ya kusomea kila atakaposhika patasi. Upasuaji utakuwa umefaulu kwa vipimo vya hospitali, na fundi atakuwa amepoteza uoni aliokuwa akiutumia bila gharama.

Wapo madaktari wanaopendekeza jicho moja lirekebishwe kwa kuona mbali na jingine liachwe lione karibu. Baadhi ya watu huzoea. Hata hivyo, mpango huo unaweza kupunguza uwezo wa kukadiria kina, na anayepiga tezo sentimita chache kutoka vidoleni ana kila sababu ya kuujaribu kwanza kwa lenzi za kuvaa machoni, kwa majuma kadhaa, kabla ya kuufanya wa kudumu.

Vumbi, vibanzi na kifuniko cha konea

Sifa kubwa ya LASIK ni kupona haraka. Wengi huona vizuri siku inayofuata. Udhaifu wake ni kwamba kile kifuniko hakirudii uimara wake wa awali. Pigo la jicho linaweza kukisogeza hata baada ya miaka kadhaa. PRK haina kifuniko, na kwa sababu hiyo mara nyingi hupendekezwa kwa mabondia na wengine ambao macho yao yako hatarini kupigwa. Gharama yake ni maumivu ya siku kadhaa na uoni unaochukua majuma, pengine miezi, kutulia.

Mchongaji anayeelekea kwenye upasuaji anapaswa kumweleza daktari kazi yake waziwazi: kwamba vibanzi humrukia, na kwamba vumbi la msasa humfikia machoni. Vilevile apange ni majuma mangapi atakaa mbali na karakana, na nani atalisha nyumba katika muda huo. Miwani ya kukinga macho itabaki kuwa ya lazima, awe amefanyiwa upasuaji au la.

Wanaoridhika na wanaolalamika

Wengi wa waliofanyiwa LASIK huridhika, na kupoteza uoni kabisa ni nadra sana. Lakini utafiti uliosimamiwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani na kuchapishwa mnamo 2017 ulitoa picha pana zaidi. Hadi asilimia 46 ya waliokuwa hawana dalili zozote za uoni kabla ya upasuaji walikuwa na angalau moja baada ya miezi mitatu, kama vile duara za mwanga kuzunguka taa usiku au mwanga unaotawanyika. Hadi asilimia 28 ya waliokuwa hawana ukavu wa macho waliupata. Waliosumbuliwa kiasi cha kushindwa na shughuli za kawaida hawakufika asilimia moja.

Takwimu hizo zisimwogofye msomaji wala zisimlaze. Kwa dereva wa usiku, duara za mwanga ni jambo zito. Kwa anayefanya kazi vumbini, ukavu wa macho ni jambo zito zaidi.

Leza si moja

Mara nyingi neno "leza" huwachanganya wagonjwa. Mtoto wa jicho, yaani lenzi iliyoingia ukungu, hauondolewi kwa LASIK. Hutibiwa kwa kuitoa lenzi hiyo na kuweka ya bandia. Mzee asiyeona vizuri na anayetaka leza huenda anachohitaji ni upasuaji huo, ambao umefanywa kwa miongo mingi katika hospitali kama ile ya PCEA Kikuyu.

Presha ya macho, au glakoma, ina leza yake tofauti kabisa. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, na kuchapishwa mnamo 2021, ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja leza hiyo ilifaulu kwa asilimia 61 ya macho, ikilinganishwa na asilimia 31 kwa macho yaliyotibiwa kwa dawa ya matone. Leza hiyo huokoa uoni usipotee. LASIK humwondolea mtu haja ya miwani. Bima nyingi huitazama LASIK kama hiari ya mtu, hivyo gharama humwangukia mwenyewe.

Miwani isidharauliwe

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2019 ilikadiria kuwa watu milioni 826 wana shida ya kuona karibu kwa sababu ya umri, na hawana miwani ya kuwafaa. Utafiti uliochapishwa mnamo 2018 kuhusu wachumaji majani chai huko Assam, India, wenye umri wa miaka 40 na zaidi, ulionyesha kuwa waliopewa miwani ya karibu waliwazidi wenzao kwa takriban asilimia 22 katika uzalishaji. Nchini Bangladesh, utafiti wa 2024 uliowahusisha mafundi na wafanyakazi wengine wa mikono ulipata kuwa baada ya miezi minane, kipato cha waliopewa miwani kilikuwa juu kwa asilimia 33. Kifaa kilichotoa matokeo hayo huuzwa kwa bei ndogo mno ikilinganishwa na ya upasuaji.

Maswali ya kuuliza

Kuuliza si ujinga. Anayefikiria upasuaji huu aanze na uchunguzi kamili katika kliniki ya macho, apimwe pia presha ya macho na retina. Akifika kwa daktari wa leza, aulize: Konea yangu ina unene gani, na itasalia kiasi gani? Ramani yake inaonyesha dalili za keratokonasi? Nitaonaje kwa umbali wa sentimita 35 bila miwani? Ni njia ipi inafaa kazi yangu? Bei inajumuisha dawa, ziara za baadaye na marekebisho iwapo yatahitajika? Nikipata shida nikiwa nyumbani, nitamfikia nani?

Anayevaa lenzi za machoni aache kuzivaa kabla ya vipimo, kwa muda atakaoelekezwa, kwa kuwa hubadilisha umbo la konea.

Kijana wa miaka 25 mwenye konea nene, vipimo vilivyotulia na kazi inayomtaka aone mbali ana sababu nzuri za kuikubali leza. Mchongaji wa miaka 46 anayeona kazi yake vizuri kwa macho matupu ana sababu nzuri za kuikataa. Miwani isiyofaa hubadilishwa kesho yake, lakini konea ikishapunguzwa hairudi.