Habari za Magenge Zilivyoigharimu Serikali ya El Salvador

Huenda unadhani kwamba habari za magenge humgharimu mwandishi peke yake. Itazame El Salvador. Septemba 2020 gazeti la El Faro lilichapisha kumbukumbu za magereza zilizoonyesha kuwa serikali ya Rais Nayib Bukele ilijadiliana kwa siri na genge la MS-13. Serikali ikakanusha. Desemba 2021 Marekani ikawawekea vikwazo maafisa wake wawili kwa mazungumzo hayohayo.

Machi 2022 watu 87 waliuawa katika siku tatu. Hali ya hatari ikatangazwa, na Aprili Bunge likapitisha kifungo cha miaka 10 hadi 15 kwa atakayetangaza jumbe za magenge zenye kuzua hofu. Nani aliyekuwa akiogopa hapo, raia au wakubwa? Mwezi uliofuata El Faro lilitoa sauti zilizorekodiwa: mauaji yale yalifuata kuvunjika kwa mapatano.

Aibu ya nje ilikuwa kubwa. Nyumbani wananchi, waliochoshwa na magenge, hawakuidai serikali gharama hiyo: Aprili 2023 gazeti lilihamishia makao yake Costa Rica, na Februari 2024 Bukele akachaguliwa tena kwa kura nyingi mno.