Historia: Mshale wa Ituri na subira ya mwindaji

Katika msitu wa Ituri, mwindaji mwenye upinde haoni mbali. Majani yanaziba macho baada ya hatua chache, na mnyama akisikia kijiti kimevunjika ameshatoweka. Ndiyo maana Waefe, ambao tangu zamani wanawinda kwa upinde na mshale, wanashikilia mambo mawili: mshale uingie wapi, na uachiliwe wakati gani. Anayekosea moja kati ya hayo analala njaa, hata kama mkono wake una nguvu. Ujuzi huo umelisha watu kwa vizazi vingi. Leo uko hatarini, kwa sababu wenye kuujua wengi wameufukuziwa msitu na vita.

Watu wa msitu hawawindi wote kwa njia moja. Wambuti wanaoishi karibu na Wabila, upande wa Mambasa na Epulu, wanajulikana kwa nyavu. Nyavu hizo husokotwa kwa nyuzi za mmea unaoitwa kusa, na kazi yake inataka watu wengi: wanaume wanasimama penye nyavu, wanawake na watoto wanapiga kelele kuwasukuma wanyama. Waefe, wanaoishi kaskazini na mashariki karibu na Walese, ni watu wa upinde. Wao wanaweza kwenda wachache, hata mtu mmoja peke yake. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikaa miaka mingi kati ya Waefe na Walese, wakaandika namna uwindaji huo unavyofanyika.

Upinde wa Waefe ni mfupi na mwepesi, kwa sababu upinde mrefu unanaswa na matawi. Mishale ni ya aina mbili. Ule wa kijiti kilichochongwa kikali na kupakwa sumu ya mimea ni wa nyani na kima walio juu ya miti. Ule wenye ncha ya chuma ni wa wanyama wanaotembea chini, hasa mboloko na funo wengine. Chuma hicho tangu zamani kilitoka kwa wanakijiji. Mwefe alileta nyama na asali, Mlese akatoa chuma, ndizi na muhogo. Kwa hiyo kila mshale wa chuma ulikuwa pia ni mkataba kati ya msitu na shamba.

Hapa inafaa kueleza namna mshale unavyoua, maana hauui kama risasi. Risasi inapasua na kuvunja kwa nguvu ya mwendo wake. Mshale unakata tu. Mnyama anaanguka kwa sababu damu imemtoka au pumzi imekatika. Basi mahali pa kulenga ni pamoja: nyuma kidogo ya mguu wa mbele, penye mbavu, ambapo mapafu na moyo viko karibu. Mshale ukiingia hapo, mnyama haendi mbali. Ukigonga mfupa wa bega, unasimama au unavunjika. Ukiingia tumboni, mnyama anakimbia, anateseka kwa saa nyingi, na mara nyingi anakufia mahali ambapo chui na siafu watamkuta kabla ya mwindaji.

Mahali peke yake hapatoshi. Mnyama akisimama akimwelekea mwindaji, kifua chake kimefunikwa na mifupa, na macho yake yanaona kila kitu. Wakati mzuri ni pale anapoonyesha ubavu, au anapoanza kugeuka kwenda zake. Hapo mshale unapita nyuma ya mbavu ukielekea mbele, kwenye mapafu. Mguu wa mbele wa upande wa mwindaji ukisogea mbele, mbavu zinabaki wazi. Kichwa kikiwa chini penye matunda, mnyama hauoni mkono unaovuta kamba. Nafasi hiyo inakuja kwa muda mfupi sana. Anayeachilia mapema anaharibu, na anayechelewa anabaki na upinde uliovutwa bure.

Waefe wana njia inayowapa nafasi hiyo. Mwindaji anatafuta mti ambao matunda yake yanaanguka, anapanda juu yake au juu ya mti wa jirani, anakaa kimya. Anafanya hivyo alfajiri au jioni, wakati mboloko wanatoka kula. Akiwa juu, harufu yake haishuki upesi puani mwa mnyama, na mnyama hana desturi ya kutazama juu. Lakini kupiga kutoka juu kunataka akili nyingine. Mshale unashuka, kwa hiyo lazima uingie juu ya ubavu ili utokee chini, ukipita kati ya mapafu. Akilenga kama mtu aliyesimama chini, anaweza kuyakosa mapafu.

Njia ya pili ni ya kundi. Mbwa wanafungwa kengele za mbao shingoni na kuingizwa kichakani, na wapiga mishale wanajipanga kuwasubiri wanyama. Kengele inawaambia mbwa wako wapi na mnyama anatokea upande gani. Hapo hakuna muda wa kuchagua sana. Mnyama anapita mbio, karibu, na mara nyingi mshale wa kwanza unampunguzia mwendo tu, wa pili au mbwa wanamaliza. Kwa hiyo nyama ina utaratibu wa kugawanywa. Aliyempiga kwanza ana haki yake, aliyepiga wa pili ana sehemu, mwenye mbwa naye anapewa. Kisha kambi nzima inakula.

Baada ya mshale kuingia, inakuja kazi ngumu kuliko zote: kungoja. Mnyama aliyejeruhiwa akifukuzwa mara moja anapata nguvu ya woga na kwenda mbali. Akiachwa, analala karibu. Damu iliyobaki kwenye majani inasema ukweli. Ikiwa nyekundu iliyong'aa na yenye povu, mapafu yameguswa, na mnyama yuko karibu. Ikiwa nyeusi-nyeusi, huenda ni ini. Ikichanganyika na majani yaliyotafunwa, ni tumbo, na kufuata kunataka muda mrefu. Wazee hawakuyasoma haya kitabuni. Waliyaona kwa macho, na wakawaonyesha vijana huku wakitembea.

Kwa wanyama wakubwa kweli, watu wa Ituri waliuweka upinde pembeni. Mshale mwepesi hauwezi kumwangusha tembo. Kwa tembo walichukua mkuki, lakini sheria zilikuwa zile zile: mahali na wakati. Mwindaji alijipaka kinyesi cha tembo ili kuficha harufu yake, akasogea upande ambao upepo hautamsaliti, akafika karibu kiasi cha kumgusa, ndipo akachoma tumboni na kukimbia. Baadaye walifuata nyayo, pengine kwa siku nzima au zaidi. Mtu angeweza kufa hapo. Karne ya 19, wafanyabiashara wa pembe waliotoka upande wa Unguja walipofika Ituri, wakina Ugarrowa na Kilonga-Longa, bei ya pembe iliongeza hatari hiyo. Misafara yao ndiyo iliyosaidia pia kuleta Kiswahili katika nchi hii.

Mambo yalianza kugeuka pale nyama ilipokuwa bidhaa. Katikati ya karne ya 20, wachuuzi walianza kuingia hadi kambi za wawindaji, hasa wa nyavu, kununua nyama na kuipeleka sokoni. Baadaye bunduki za kalibre 12 na mitego ya waya vikaenea. Mwenye upinde anachukua mnyama mmoja aliyemchagua, na akikosa, mnyama anabaki. Waya haichagui. Inamshika mwenye mimba, inamshika mtoto, na mtego uliosahauliwa unaozesha nyama bila kumlisha mtu.

Serikali nayo iliweka mipaka. Okapi analindwa tangu 1933. Sheria ya uwindaji ilitolewa tarehe 28 Mei 1982. Hifadhi ya Okapi iliundwa mwaka 1992, ikaingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya vita. Ndani ya hifadhi hiyo watu wanaishi, na Wambuti na Waefe ni sehemu yake. Kumuua okapi au tembo ni kosa, hata kwa mkuki wa babu.

Lakini vita havikuuliza nani ni mwindaji na nani ni mkulima. Mwishoni mwa 2002 na mwanzo wa 2003, mapigano yalipoikumba Mambasa, maelfu walikimbilia upande wa Beni. Wambuti nao walitoka msituni, jambo ambalo wengi hawakuwahi kuliona, kwa sababu msitu ndio ulikuwa maficho yao. Tarehe 24 Juni 2012 waasi walishambulia Epulu, wakaua watu na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale. Miaka ya karibuni mashambulizi yamefika Irumu na kurudi Mambasa, na familia zimehama tena na tena.

Kijana wa Kiefe aliyekulia kambini, au nyuma ya nyumba ya jamaa mjini, anaweza kupewa upinde. Lakini nani atamwonyesha mti wenye matunda mwezi huu? Atajifunza wapi rangi ya damu kwenye jani? Ujuzi huu haufundishwi kwa maneno tu, unataka msitu na unataka mzee anayetangulia mbele. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inayolinda haki za watu wa asili wa msitu inatambua haki yao juu ya ardhi na mali ya asili waliyoitumia tangu mababu. Hiyo ni hatua. Bila amani barabarani na vijijini, inabaki karatasi.

Kwa sasa, wazee walio mbali na msitu bado wana kitu cha kutoa. Wanaweza kuwataja wanyama kwa majina ya lugha yao mbele ya watoto, kuchonga upinde mdogo wa mchezo, kueleza kwa nini mwindaji anangoja mnyama ageuze ubavu. Siku njia ya kurudi itakapofunguka, mtoto aliyesikia hayo ataingia msituni akiwa na mahali pa kuanzia.