Mafundi wa Kompyuta Waliokosa Kazi Wakaenda Ghana

Katika miaka ya 1990 watu wengi huko Marekani walitajirika upesi kwa kazi ya intaneti. Vijana wawili watatu walipanga chumba, wakanunua kompyuta, wakaanzisha kampuni, na baada ya muda kidogo wakawauzia watu hisa zake. Watu walinunua bila kuuliza kama kampuni ina faida. Nyingi hazikuwa nayo. Tarehe 10 Machi 2000 hesabu ya bei za hisa katika soko la Nasdaq ilifika 5,048. Tarehe 9 Oktoba 2002 ilikuwa imeshuka hata 1,114. Kampuni zikafungwa, na mafundi waliokuwa wakibembelezwa jana kwa mishahara minono wakaambiwa wakusanye vitu vyao waende nyumbani.

Basi, fundi asiye na kazi afanye nini? Wengine walirudi shuleni, wengine walirudi kwa wazazi wao. Lakini wako waliobisha hodi kwenye mlango ambao zamani hawakuufikiria: kwenda ng'ambo kutoa ufundi wao bila mshahara.

Mlango huo ulikuwa umefunguliwa mapema kidogo. Bwana Ethan Zuckerman, mmoja wa watu wa kwanza katika kampuni ya Tripod, alikuwa ameishi Ghana katika mwaka 1993 na 1994 akijifunza muziki wa nchi ile. Tripod iliuzwa kwa Lycos mwaka 1998. Mwaka uliofuata, yeye na wenzake wakaanzisha shirika la Geekcorps katika mji mdogo wa North Adams, jimbo la Massachusetts. Jina lenyewe ni la mzaha. Nusu ya kwanza ni neno la kumtania mtu aliyezama katika mashini hata akasahau kula. Nusu ya pili yakumbusha Peace Corps, kikosi kilichoundwa na Rais Kennedy mwaka 1961, ambacho mwaka ule ule kilipeleka walimu Ghana, na wapima ardhi na mainjinia Tanganyika. Mwaka 2000 mafundi wa kwanza wa Geekcorps walifika Accra.

Lakini angalieni tofauti. Walimu wa mwaka 1961 waliwekwa mashuleni kwa miaka miwili. Mafundi hawa walikaa miezi michache tu, nao waliwekwa ndani ya kampuni ndogo za Waghana wenyewe, bega kwa bega na wafanyakazi wa pale. Mimi naona shauri hilo lilikuwa la akili. Mgeni akikuandikia programu halafu akaenda zake, umebaki na kitu ambacho siku kitakapoharibika huwezi kukitengeneza. Bali akiketi karibu nawe, ukaiandika wewe naye akitazama, kazi ni yako.

Kazi zilipozidi kupotea Marekani, walioomba kwenda walikuwa wengi kupita nafasi. Hapo mtu atauliza: Je, hao walikwenda kwa upendo, au kwa kuwa kwao chungu kimekauka? Sioni faida ya kupima mioyo yao. Mwenye kampuni kule Accra hakuhitaji kujua sababu ya safari. Alihitaji fundi ajuaye kazi. Neno gumu ni jingine: aliyekuja kwa kukosa kazi ataondoka akiitwa kazini. Tena ufundi wa Marekani haukufaa wote. Aliyezoea laini za kasi ilimpasa kufikiri upya, kwa kuwa mteja wa Accra alingojea ukurasa mmoja kwa dakika nyingi, naye akilipia dakika hizo.

Mwaka 2001 Geekcorps iliunganishwa na International Executive Service Corps, shirika la mwaka 1964 ambalo lilikuwa likiwapeleka ng'ambo wafanya biashara wazoefu, wengi wao waliokwisha kustaafu. Kazi ikaendelea katika nchi nyingine. Nchini Mali, walipotaka kuunganisha radio za vijijini na intaneti, antena za kununua zilikuwa ghali. Wakaunda antena kwa chupa za plastiki za maji, wavu wa madirisha, na vipande vya valvu za pikipiki zilizochakaa. Vyote vilipatikana pale pale, na fundi wa Mali aliweza kuunda nyingine bila kumngoja mgeni.