Nafasi ya Tairi: Historia ya Kuinua Landrova na Wenzake

Oktoba 2024, mamia ya Landrova yalikusanyika Arusha katika tamasha la wapenzi wa gari hilo. Kwenye mikusanyiko ya aina hiyo halikosekani gari kuukuu lililosimama juu kuliko lilivyotoka kiwandani, na mtazamaji hudhani springi zimeinuliwa ili difu isigonge mawe. Umbo la gari lenyewe linakataa maelezo hayo.

Landrova ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam Aprili 1948, ilikuwa na ekseli nzima mbele na nyuma, zilizofungwa kwenye springi za majani. Katika mpangilio huo difu imo ndani ya ekseli, na ekseli hubebwa na magurudumu. Ukiweka springi ndefu, kinachopanda ni chesisi na bodi. Difu inabaki palepale. Asiyetaka kubadili ekseli ana njia moja tu ya kuiinua difu: tairi kubwa zaidi. Lakini tairi kubwa hukwaruza bodi gari linapokata kona au kudumbukia shimoni. Springi ziliinuliwa ili tairi lipate nafasi.

Misitu na vinamasi vilionyesha mapema jinsi tamaa ya kuliinua gari inavyoweza kufika mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Cuthbertson ya mji wa Biggar, Uskoti, iliweka Landrova juu ya minyororo minne kama ya kifaru. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Roadless Traction ya Uingereza ikaifunga Landrova ndefu magurudumu makubwa ya trekta kwa kazi za misituni. Ekseli nazo zikapanuliwa, kwa kuwa gari lililopanda juu bila kupanuka hupinduka kirahisi.

Marekani ndiko kazi hiyo ilikogeuka kuwa maonyesho. Bob Chandler, mkandarasi wa ujenzi huko St. Louis, alikuwa na Ford F-250 ya 1974 na duka la vipuri vya magari ya porini. Kila alipovunja kipuri alifunga kikubwa zaidi, na gari likaitwa Bigfoot. Mwaka 1981 alilipandisha juu ya magari chakavu na kuyaponda. Mwaka uliofuata lilikuwa na matairi ya kipenyo cha inchi 66, yaliyotengenezwa kwa ajili ya mashine za kusambaza mbolea, pamoja na ekseli za malori ya jeshi. Vijana wengi walitamani kimo kile. Waliotambua kwamba Chandler alibadilisha karibu kila kitu chini ya gari walikuwa wachache.

Kenya, mashindano ya Rhino Charge yalianza 1989 ili kuchangia uzio wa hifadhi ya Aberdare. Anayeshinda ni anayefika vituo vyote kwa umbali mfupi kabisa, hata kama njia hiyo inapita korongoni. Mwendo kasi si hoja. Hapo kimo cha gari kina kazi halisi, na pia kina hatari yake.

Kinachouzwa leo kama seti ya kuinulia gari ni orodha ya makosa yaliyokwisha kufanywa na waliotangulia. Shokapu ndefu zimo kwa sababu za zamani zilifika mwisho kabla ya springi. Mipira ya breki imerefushwa kwa sababu mifupi huvutika na kukatika. Kabari huwekwa kati ya springi ya majani na ekseli kwa sababu pembe ya ekseli ya mbele ikiharibika, usukani haurudi wenyewe baada ya kona na gari hutangatanga barabarani. Propela nayo ikilala kwa pembe kali mno, hutetemesha gari na kula jointi zake.

Landrova One Ten ya 1983 ilileta springi za koili, ambazo Range Rover ilikuwa nazo tangu 1970, na matatizo yakabadilika. Gari la koili likiinuliwa, rodi inayoishika ekseli ya mbele isiende pembeni huivuta upande mmoja, na mikono inayoishikilia huizungusha.

Njia ya mkato ipo: kuongeza majani kwenye springi. Kwa gari linalobeba mzigo kila siku, inafaa. Likiwa tupu, hurusha abiria na kupoteza mshiko, kwa sababu springi ngumu hairuhusu tairi kufuata ardhi.

Ndiyo maana fundi makini hupima tairi litakalofungwa, huuliza uzito utakaobebwa, kisha ndipo huchagua springi. Mara nyingi jibu huwa inchi 2 tu. Anayetaka inchi 6 ajiandae kulipia breki, propela, usukani na upana wa ekseli, kama walivyolazimika wale wa Uingereza na St. Louis.