Bima ya afya: nani anamlipia mkulima wa Idodi?

Wadau, ukitoka Iringa mjini kwenda Hifadhi ya Ruaha unapita Idodi, kwa wakulima wa mpunga. Leo tuzitazame sheria za bima ya afya tukiwa tumesimama hapo, maana mkulima wa hapo hana mshahara wa kukatwa.

Mwaka 1993 serikali ilianza kutoza ada kwenye hospitali zake kubwa. Mwaka 1999 ikaja sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya: mtumishi wa umma anakatwa asilimia 3, mwajiri anaongeza 3. Mwalimu akaingia, jirani yake mwenye jaruba akabaki nje.

Huyo alisubiri sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii ya 2001, iliyozaliwa na majaribio ya Igunga ya 1996. Halmashauri zilipanga viwango, serikali ikaongezea "tele kwa tele". Lakini kujiunga kulikuwa hiari, na hiari ya mkulima hutegemea mavuno. Mfuko ulipoboreshwa mwaka 2018, kiwango kikawa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imegeuza kibao: sehemu ya ushuru wa soda, pombe na vipodozi iwachangie wasio na uwezo. Yaani mnywaji wa Dar amlipie bibi wa Idodi!

Safi. Ila msamaha wa ada kwa maskini umekuwapo kwenye makaratasi tangu miaka ya 1990, na wengi waliustahili wasiupate. Jamani, safari hii nani ataandika jina la bibi?

Nawasilisha.