Hojaji, Picha na Neno: Mjadala wa Asili ya Hisia za Binadamu, 1867–2016

Swali la iwapo hisia za binadamu ni za kimaumbile au ni zao la utamaduni lina historia inayopaswa kusomwa pamoja na historia ya mbinu zilizotumika kulijibu. Hoja ya msingi hapa ni kwamba mbinu hizo zilichangia kuyaumba majibu.

Mwaka 1867 Charles Darwin alisambaza hojaji yenye maswali 16 kwa wamisionari na wengineo walioishi miongoni mwa jamii mbalimbali. Alipokea majibu 36, na katika kitabu chake cha mwaka 1872 akahitimisha kuwa hali zilezile za moyo huonyeshwa kwa namna inayofanana duniani kote. Hata hivyo, maswali yake mengi yalitaja hisia na ishara yake kwa pamoja, hivyo mjibuji alibakiwa na kazi ya kukubali au kukana.

Karne moja baadaye, Paul Ekman na Wallace Friesen walifanya utafiti miongoni mwa Wafore wa Papua Guinea Mpya. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1971, watu wazima 189 walisimuliwa visa vifupi, kisha wakachagua picha ya uso uliolingana na kila kisa. Wengi walichagua kama ilivyotarajiwa, ingawa hawakutofautisha hofu na mshangao. Mwaka 1994 James Russell alihoji mbinu ya aina hiyo, akieleza kwamba majibu yaliyoandaliwa humwelekeza mhojiwa. Mwaka 2016 Carlos Crivelli na wenzake walionyesha kuwa katika Visiwa vya Trobriand, nchini humohumo, uso unaodhaniwa kuwa wa hofu ulieleweka kuwa wa hasira na vitisho.

Catherine Lutz, katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu kisiwa cha Ifaluk, alianza na neno badala ya uso. Alibainisha kuwa *fago* huunganisha huruma, upendo na huzuni.

Mtafiti anayetafsiri hojaji kwa Kiswahili hukabiliwa na tatizo hilohilo. Uchungu ni maumivu, ni huzuni, na kwa mwenye uchungu na nchi yake ni mapenzi. Akiliteua neno hilo kuwakilisha hisia moja tu, atakuwa ameamua jibu kabla ya kuuliza. Kwa hiyo, ufanano wa nyuso, hata pale unapothibitika, hautoshi kuthibitisha umoja wa hisia.